Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Mamlaka za Ushindani Kuhusu Ugavi wa Chipu za Kumbukumbu

Kwa Waheshimiwa wakuu wa mamlaka za ushindani wa kibiashara mlioko Brussels, Washington, Sejong (Korea Kusini), London na Bonn,

YAH: KUBANWA KWA UGAVI WA CHIPU ZA KUMBUKUMBU NA BEI YA VIFAA VYA KOMPYUTA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nimeona niwaandikie ninyi na si kampuni zenyewe, kwa sababu kampuni hizo zinafanya kile ambacho kampuni yoyote ingefanya ikibakiziwa washindani wawili tu duniani, ilhali ninyi ndio mliokabidhiwa na sheria kazi ya kumlinda mlaji pale ushindani unapofifia. Mimi ni mnunuzi wa kawaida wa kompyuta na sina nyaraka za siri za kuwakabidhi. Yote nitakayoyataja yako hadharani: katika mashauri yaliyokwisha kuamuliwa, katika maamuzi ya ofisi zenu wenyewe, na katika taarifa ambazo kampuni huwasomea wawekezaji wao kila robo mwaka. Hizo taarifa za wawekezaji, kama nitakavyoeleza, ni sehemu kubwa ya tatizo lenyewe.

Naomba pia nieleweke mapema kuhusu jambo nisilolidai. Sidai kwamba leo hii kuna watu waliojifungia chumbani wakipanga bei. Ninachodai ni kwamba soko hili limefika mahali ambapo njama ya namna hiyo haihitajiki tena, na kwamba ninyi mmeendelea kukaa mkiisubiri.

Chipu ninazozizungumzia ni za DRAM, ambazo wengi tumezizoea kwa jina la RAM. Hakuna kompyuta, simu janja wala seva inayofanya kazi bila hizo. Prosesa ya kampuni moja huwezi kuichomeka mahali pa prosesa ya kampuni nyingine, lakini RAM ni bidhaa ya viwango vya pamoja: kipande cha GB 16 cha DDR5, kizazi cha RAM cha kompyuta za sasa, kilichotengenezwa kwa chipu za kiwanda hiki huingia katika nafasi ileile inayoingia cha kiwanda kile, na mtumiaji hatambui tofauti. Bidhaa inayofanana hivyo hushindana kwa bei, na karibu kwa bei peke yake. Ndiyo sababu wauzaji wake walipukutika. Qimonda ya Ujerumani ilifilisika Januari 2009. Elpida ya Japani iliomba hifadhi ya mahakama Februari 2012, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na Micron ya Marekani, ununuzi ambao mamlaka za ushindani ziliutazama na kuupitisha. Waliosalia na uzito wowote ni Samsung na SK Hynix za Korea Kusini pamoja na Micron yenyewe, na kwa miaka mingi watatu hao wamekuwa wakiuza zaidi ya asilimia 90 ya DRAM yote duniani.

Historia ya soko hili mnaijua kuliko mimi, kwa kuwa baadhi yenu ndio mlioiandika. Kwa mujibu wa Tume ya Ulaya, kati ya Julai 1998 na Juni 2002 watengenezaji wa DRAM walikuwa wakipashana habari za siri, mara nyingi wawili wawili, kuhusu bei watakazowatajia watengenezaji wakubwa wa kompyuta na seva. Nchini Marekani, Wizara ya Sheria iliwataja Dell, Compaq, Hewlett-Packard, Apple, IBM na Gateway kuwa miongoni mwa wateja waliolengwa. Infineon ya Ujerumani ilikiri kosa mwaka 2004 na kulipa faini ya dola milioni 160. Hynix, ambayo leo ni SK Hynix, ikafuata mwaka 2005 kwa dola milioni 185, Samsung mwaka huohuo kwa dola milioni 300, na Elpida mwaka 2006 kwa dola milioni 84. Baadhi ya maofisa wa mauzo walifungwa gerezani. Mei 2010 Tume ya Ulaya nayo ilitoza faini zilizozidi euro milioni 331, na Micron, iliyokuwa ya kwanza kufichua mambo, ikasamehewa yote.

Walaji wa mwisho wa Marekani walifikiwa baadaye sana, kupitia suluhu ya jumla ya dola milioni 310. Madai yalikuwa bado yanapokelewa mwaka 2014, miaka kumi na miwili baada ya njama kukoma, na mtu asiyekuwa na risiti aliweza kutarajia walau dola 10. Sijui ni wangapi walikuwa bado na kompyuta ile.

Siwakumbushi haya ili kumtuhumu mtu kwa makosa yaliyokwisha kulipiwa. Nayataja kwa sababu ya namna ile njama ilivyokuwa ikifanya kazi. Wauzaji walikuwa wengi, kila mmoja akiwa na sababu ya kumsaliti mwenzake, na bei za mikataba zilikuwa zikijadiliwa upya mara kwa mara. Kwa hiyo ilibidi wapigiane simu na kukutana, na kila mawasiliano yaliacha alama ambayo mpelelezi angeweza kuifuata. Walipobaki watatu, haja ya simu ilipungua sana. Mtu mwenye washindani wawili tu hahitaji kuwauliza watafanya nini kesho ikiwa kila baada ya miezi mitatu wanasimama hadharani na kusema wenyewe.

Tazameni mfululizo wa mambo ulivyokuwa wakati soko lilipoanguka baada ya janga la UVIKO-19. Oktoba 2022 SK Hynix ilitangaza kwamba uwekezaji wake wa mwaka 2023 ungepunguzwa kwa zaidi ya nusu. Mwezi uliofuata Micron ikatangaza kwamba ingepunguza kwa takriban asilimia 20 idadi ya sahani za silikoni, yaani zile ambazo chipu hutengenezwa juu yake, inazoziingiza kiwandani. Samsung, aliye mkubwa kuliko wote, alishikilia kwa miezi kadhaa kwamba hapunguzi, na bei zikaendelea kuporomoka. Tarehe 7 Aprili 2023 naye akasalimu amri: katika siku ileile aliyotangaza kwamba faida ya robo mwaka imeanguka kwa takriban asilimia 96, alisema pia kwamba atapunguza uzalishaji wa chipu za kumbukumbu kwa kiwango cha maana. Hisa zake zilipanda siku hiyo, na hisa za SK Hynix, mshindani wake, zikapanda kwa asilimia kubwa zaidi. Kimya kina mshindo, lakini safari hii hata kimya hakikuwepo, kwa maana yote yalisemwa kwa kipaza sauti.

Haki inanitaka niseme kwamba hasara za wakati ule zilikuwa za kweli. SK Hynix ilimaliza mwaka 2023 na hasara ya uendeshaji ya takriban woni trilioni 7.7, na mwenye kiwanda kinachouza kwa hasara hawezi kulazimishwa kuendelea kujaza ghala. Mwaka 2024, hata hivyo, kampuni hiyohiyo ilipata faida ya uendeshaji iliyozidi woni trilioni 23, kubwa kuliko nyingine yoyote katika historia yake hadi wakati ule. Kupunguza uzalishaji unapozama si kosa. Swali langu ni nani anayeangalia iwapo bomba linafunguliwa tena kwa kasi ileile lilivyofungwa, na jibu, kwa kadiri ninavyoona, ni kwamba hakuna.

Mahakama haziwezi kuwa jibu hilo. Mwaka 2018 wanunuzi walifungua shauri California wakidai kwamba kampuni hizi tatu zilibana ugavi kwa makubaliano katika miaka ya 2016 na 2017, na kwamba matamko yao ya hadharani yalikuwa njia ya kuashiriana. Shauri lilitupwa, na Machi 2022 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa ikakubaliana na uamuzi huo. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba kampuni chache zikitenda sambamba bado huenda kila moja inafuata masilahi yake huku ikiwatazama wenzake, na kwamba sheria ya Marekani inakataza makubaliano, haikatazi kutazamana. Siwalaumu majaji, maana waliisoma sheria ilivyo. Lakini matokeo yake ni haya: mnunuzi aliyelipa zaidi kwa sababu ya simu iliyopigwa mwaka 2001 ana haki ya fidia, na aliyelipa zaidi kwa sababu ya uangalifu wa pamoja wa mwaka 2017 hana lolote, ingawa fedha iliyomtoka mfukoni ni ileile.

Sasa tumeingia katika awamu nyingine, na hapa inabidi kuchambua kwa makini, kwa kuwa mahitaji ya sasa si ya kubuni. Vituo vya data vya akili mnemba vinahitaji aina ya kumbukumbu iitwayo HBM, ambayo chipu zake hupangwa moja juu ya nyingine na kuunganishwa karibu na prosesa. Micron yenyewe imewaeleza wawekezaji kwamba kutengeneza kiasi fulani cha HBM hula sahani za silikoni takriban mara tatu ya zile zinazohitajika kwa kiasi kilekile cha DDR5. Maana yake ni kwamba kila laini ya uzalishaji inayohamishiwa huko huondoa sokoni RAM nyingi kuliko inazorudisha. Oktoba 2025 Samsung na SK Hynix zilitia saini barua za nia na OpenAI, kampuni ya akili mnemba iliyotengeneza ChatGPT, zenye lengo la kufikia hadi sahani 900,000 kwa mwezi. Tarehe 3 Desemba 2025 Micron ikatangaza kwamba inaachana na Crucial, jina ambalo kwa karibu miaka 30 limekuwa likiwauzia watu wa kawaida RAM na diski, ili kuhudumia wateja wakubwa. Katika miezi hiyohiyo ya mwisho wa mwaka, bei ya rejareja ya DDR5 ilipanda zaidi ya maradufu.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ni mnada tu, mwenye pesa nyingi amepata. Ningekubali kama wauzaji wangekuwa kumi. Katika soko lenye wauzaji wengi, bei ikipanda hivyo huwa ni mwaliko, kwamba mmoja wao atajenga upesi ili awahi faida kabla ya wenzake. Hapa anayejenga upesi anajua kwamba wawili wengine wanamtazama, kwamba bei itakayoshuka itashuka kwake pia, na kwamba kusubiri kunalipa vizuri. Kiwanda kipya hugharimu mabilioni ya dola na huchukua miaka kabla ya kutoa chipu ya kwanza, kwa hiyo uamuzi wa kutojenga leo ni uamuzi wa bei za miaka kadhaa ijayo. Hofu ya bidhaa kuzidi sokoni, hali iliyoziua Qimonda na Elpida, inaeleweka. Kinachokera ni hofu hiyo kugeuzwa kisingizio cha kudumu, kisichopimwa na mtu yeyote wa nje.

Mzigo unaangukia wapi? Mnunuzi mkubwa ana mkataba wa muda mrefu na wanasheria wa kuusimamia. Mtengenezaji wa kompyuta mpakato anachagua kati ya kupandisha bei na kupunguza RAM ndani ya boksi lilelile, na mara nyingi hufanya yote mawili kidogo kidogo. Mlaji wa mwisho anapokea kilichobaki, na tofauti na zamani, hawezi kukirekebisha baadaye. Miaka kumi na tano iliyopita ungenunua kompyuta yenye RAM ndogo, ukasubiri bei ishuke, ukafungua skrubu mbili tatu chini ya mashine na kuchomeka kipande kingine. Leo katika mashine nyingi nyembamba chipu hizo zimelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Aliyelazimika kununua katika mwaka wa bei mbaya anabaki na kiasi kilekile maisha yote ya mashine, na programu zikizidi kuwa nzito, mashine nzima, pamoja na skrini na prosesa ambazo bado ni nzima, inageuka taka kabla ya wakati wake. Hasara ya namna hiyo haionekani katika takwimu za bei, na nadhani ndiyo sababu haijawashtua vya kutosha.

Najua jibu lililozoeleka kwamba soko litajirekebisha kwa kuvutia mshindani mpya. Mshindani pekee wa kweli anayechomoza ni CXMT, mtengenezaji wa DRAM wa China, na tangu Oktoba 2022 Marekani imeweka masharti ya kuzuia mitambo ya kutengenezea DRAM ya kisasa isifike katika viwanda vya China. Sababu za kiusalama za masharti hayo si mada ya barua hii. Nasema tu kwamba serikali inapofunga mlango asiingie wa nne, inajibebesha wajibu wa kuwaangalia watatu waliomo ndani kwa jicho kali kuliko kabla.

Wala si kweli kwamba sheria inawafunga mikono. Uingereza, kupitia sheria yake ya mwaka 2002, inaruhusu mamlaka kuchunguza soko zima na kulirekebisha hata pasipo kumthibitishia mtu kosa. Hivyo ndivyo ilivyofanyika kwa saruji, bidhaa nyingine inayofanana kila mahali na inayouzwa na wachache. Januari 2014 Tume ya Ushindani ya huko ilihitimisha kwamba wazalishaji walikuwa wakienda sambamba bila makubaliano yoyote, ikaagiza kampuni kubwa kuuza kiwanda ili apatikane mshindani mpya, ikapiga marufuku barua za jumla za kutangazia wateja wote kwamba bei itapanda, na ikachelewesha kuchapishwa kwa takwimu za uzalishaji zilizokuwa zikiwasaidia wazalishaji kufuatana nyayo. Kila hatua kati ya hizo ina mwenzake katika soko la DRAM. Mwaka 2016 Tume ya Ulaya ilipokea ahadi za kisheria kutoka kwa kampuni 14 za meli za makontena kwamba zingeacha kutangaza hadharani nyongeza za jumla za bei, kwa hofu kwamba matangazo yale yalikuwa njia ya kuashiriana. Ujerumani nayo, kwa marekebisho ya mwaka 2023, imeipa mamlaka yake uwezo wa kuchukua hatua baada ya uchunguzi wa sekta bila kuthibitisha uvunjaji wa sheria. Vifaa mnavyo, havijaelekezwa huku.

Ninachowaomba, basi, ni uchunguzi wa soko la DRAM kama soko, ufanywe kwa pamoja na zile mamlaka zenye uwezo huo, ukiwa na nguvu ya kudai takwimu za ndani: sahani ngapi zinaingia kiwandani kila mwezi, ngapi zimehamishiwa HBM, ghala lina nini, na mipango ya ujenzi iliahirishwa lini na kwa maelezo gani yaliyotolewa kwa bodi. Takwimu hizo zikae kwenu kwa siri. Kuzichapisha kungewapa kampuni darubini bora zaidi ya kutazamana, na msaada wa namna hiyo tungeujutia.

Jambo gumu zaidi ni matamko kwa wawekezaji. Mwenye hisa ana haki ya kujua hali ya kampuni yake, na siombi afichwe. Lakini kuna tofauti kati ya kueleza yaliyopita na kuwatangazia washindani, kwa kisingizio cha kuwataarifu wanahisa, kwamba robo ijayo tutapunguza kwa kiasi hiki na tunaamini sekta nzima itaendelea kuwa na nidhamu. Sentensi ya aina hiyo ya pili haimsaidii mwenye hisa kuliko inavyomsaidia mshindani. Mliweza kuchora mstari huo kwa meli za makontena. Sioni kwa nini msiuchore hapa.

Kisha kuna fedha za umma. Chini ya sheria ya chipu ya mwaka 2022, serikali ya Marekani iliikubalia Micron ruzuku ya hadi takriban dola bilioni 6.1, na serikali nyingine zinatoa misamaha ya kodi, ardhi na umeme. Mlipakodi anayejenga kiwanda hapaswi kuwa wa mwisho kwenye foleni ya bidhaa zake. Pale ambapo ushauri wenu unaombwa kabla ya ruzuku kutolewa, na pale usipoombwa mnapoweza kuutoa wenyewe, elezeni kwamba fedha hizo ziambatane na ratiba ya uzalishaji inayokaguliwa, na sehemu fulani ya uzalishaji iendelee kulifikia soko la kawaida.

Sitaki bei elekezi. Katika bidhaa yenye uhaba wa kweli, bei ya kupangiwa ingehamishia chipu mikononi mwa walanguzi kabla ya mwezi kwisha. Wala siombi watatu hawa wavunjwe leo, kwa kuwa kiwanda cha DRAM hakigawanyiki kirahisi. Naomba tu kwamba muunganiko au ubia wowote mwingine katika sekta hii usipitishwe kwa hoja ileile ya kumwokoa anayezama iliyotufikisha kwenye watatu.

Kwa kuwa barua hii ni ya wazi, nawaomba nayo majibu ya wazi. Kila mamlaka iseme kama imewahi kufikiria kutumia uwezo wake wa uchunguzi wa soko katika DRAM tangu mwaka 2022. Kama ndiyo, ilifikia wapi. Na kama sivyo, kwa sababu gani saruji na makontena vilistahili na chipu hazikustahili.

Wasalaam,

Mnunuzi wa kompyuta